Sekunde 26 na Yadi Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Pasi Iliyonaswa kwenye Mstari wa Goli

Kwa nini kisa hiki

Anayejifunza kusoma mbinu za futiboli ya Kimarekani kupitia picha za mechi hukutana mapema na shambulio moja la fainali ya ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, iliyochezwa tarehe 1 Februari 2015 mjini Glendale, jimbo la Arizona. Wengi hulijadili kwa swali moja tu: kwa nini timu iliyokuwa yadi moja kutoka ushindi ilirusha pasi badala ya kumpa mpira mkimbiaji wake mwenye nguvu? Swali hilo ni halali, lakini aliyeishia hapo amejifunza sehemu ndogo sana ya kisa. Ninakileta hapa kwa sababu kinaonyesha kwa uwazi kuliko kisa kingine ninachokijua jinsi kazi ya kusoma picha inavyotoka kwenye chumba cha makocha, ikapita uwanja wa mazoezi, ikafika kwenye miguu ya mchezaji mmoja ndani ya muda usiotosha kufikiri.

Majina ya wachezaji, makocha na timu nimeyaondoa kwa makusudi, ili msomaji afuate nafasi na majukumu badala ya sifa za watu. Timu nitaziita kwa rangi ya jezi walizovaa siku hiyo: Buluu, waliokuwa wakishambulia, na Weupe, waliokuwa wakilinda.

Usuli

Kwa msomaji aliyezoea kandanda, kanuni chache zinatosha kufuata kisa hiki. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani, na uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, huku kila upande ukiwa na eneo la goli lenye kina cha yadi 10. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikifanikiwa huanza kuhesabiwa majaribio manne mapya. Ikianza majaribio mapya ikiwa ndani ya yadi 10 za mwisho, majaribio hayo manne ndiyo yote iliyobaki nayo. Mpira ukiingizwa katika eneo la goli la wapinzani ni tachidauni, yenye pointi 6. Saa huendelea kutembea mchezaji mwenye mpira akiangushwa ndani ya uwanja, ila husimama pasi ikianguka chini bila kudakwa. Kila timu ina nafasi tatu za kusimamisha saa katika kila nusu ya mechi. Kanuni hizi mbili za saa ndizo moyo wa maamuzi tutakayoyaona.

Buluu walikuwa mabingwa wa msimu uliotangulia. Walianza robo ya mwisho wakiongoza 24 kwa 14, kisha Weupe wakafunga tachidauni mbili na kuongoza 28 kwa 24 zikiwa zimesalia dakika 2 na sekunde 2. Tofauti ya pointi nne ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana, kwa kuwa mkwaju wa goli huleta pointi 3 tu. Hivyo Buluu walihitaji tachidauni, na Weupe walilijua hilo sawasawa na wao.

Picha zilizosomwa na namna ya kuzisoma

Kuna aina mbili za picha zinazohusika. Ya kwanza ni ya televisheni, ambayo hufuata mpira na kuwaacha nje wachezaji walio mbali nao. Ya pili ni ya makocha, inayopigwa kutoka juu ubavuni mwa uwanja na kutoka nyuma ya eneo la goli, ikiwaonyesha wachezaji wote 22 tangu kabla mpira haujaanzishwa hadi shambulio linapokwisha. Kwa miaka mingi picha hizi za pili zilikuwa mali ya timu peke yake. Tangu mwaka 2012 ligi imeziuza pia kwa watazamaji wa kawaida, na ndipo uchambuzi wa watu walio nje ya timu ulipopata mizizi. Utamaduni wenyewe ni mkongwe zaidi: Paul Brown, kocha wa kwanza wa timu ya Cleveland iliyoanza kucheza mwaka 1946, ndiye anayetajwa sana kwa kuifanya picha ya mechi kuwa somo la darasani, lenye kupima kila mchezaji katika kila shambulio.

Utaratibu ninaoutumia ni kuisimamisha picha kabla mpira haujaanzishwa na kuandika mambo manne kwa mfuatano usiobadilika: hali ya mechi, yaani jaribio la ngapi, yadi ngapi na saa inasemaje, kundi la wachezaji walioingizwa na kila upande, mpangilio wao uwanjani, na mwelekeo wa macho na miguu yao. Baada ya hapo tu ndipo picha inaruhusiwa kuendelea, na hata hivyo hatua moja moja. Sababu ya ukali huu ni kwamba mtu akishaona mwisho wa shambulio, macho yake huanza kuchagua ushahidi unaokubaliana na mwisho huo. Kwa kisa kama hiki, ambacho karibu kila anayekifungua tayari anajua kilivyomalizika, nidhamu hiyo inahitajika maradufu.

Mtiririko wa tukio

Buluu walianzia yadi 20 ya upande wao. Shambulio la kwanza lilikuwa pasi ndefu kando ya mstari wa pembeni kwa mkimbiaji wao, ambaye aliachwa na mlinzi wa kati akimfukuza, na likawapa yadi 31. Baadaye pasi ya yadi 11 iliwafikisha kwenye yadi 38 za Weupe. Kisha ikaja pasi ya yadi 33 ambayo mpokeaji aliidaka akiwa chali, baada ya mpira kuguswa na mlinzi na kumrukia mwilini mara kadhaa. Mlinzi aliyekuwa akimkaba alikuwa mchezaji wa msimu wa kwanza ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote wakati wa kugawana wachezaji wapya wa vyuo. Alikuwa amefanya karibu kila kitu sawa, aliruka kwa wakati na akaugusa mpira, na bado pasi ikadakwa. Tumkumbuke, kwa kuwa yeye ndiye kiini cha kisa.

Sasa mpira ulikuwa yadi 5 kutoka goli, na Buluu, waliokuwa wameshatumia nafasi mbili za kusimamisha saa, walibaki na moja. Katika jaribio la kwanza walimpa mpira mkimbiaji wao, akasonga yadi 4 na kuangushwa na mlinzi wa kati wa Weupe akiwa yadi moja tu kabla ya mstari. Saa ilikuwa ikionyesha takriban dakika moja, nayo haikusimama.

Hapa ndipo pa kusimamisha picha kwa muda mrefu. Weupe walikuwa bado na nafasi za kusimamisha saa, lakini kocha wao hakuita. Sekunde zikapita, moja baada ya nyingine, huku Buluu wakibadilisha wachezaji: waliingiza wapokeaji watatu, mlinda pembe mmoja, yaani mzuiaji wa mwisho wa safu anayeweza pia kupokea, na mkimbiaji mmoja. Weupe walipoliona kundi hilo wakajibu kwa kuingiza mabeki watatu wa pembeni pamoja na watu wao wazito wa kulinda mstari wa goli. Beki wa tatu, yule mgeni wa ligi, aliamriwa kuingia kwa haraka na akakimbilia nafasi yake muda mfupi kabla ya shambulio.

Upande wa kulia wa Buluu walisimama wapokeaji wawili, mmoja mbele karibu na mstari na mwingine nyuma yake kabisa. Kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira wa kwanza na kurusha pasi, alisimama hatua kadhaa nyuma ya wazuiaji wake, mkimbiaji akiwa kando yake. Mpira ulianzishwa saa ikionyesha sekunde 26.

Mpokeaji wa mbele alisonga ili awe kizuizi mbele ya beki wa nyuma, na mpokeaji wa pili akapiga hatua na kukata ndani kuelekea katikati. Kwotabeki alitupa mara moja. Lakini beki mkubwa wa Weupe, aliyesimama uso kwa uso na mpokeaji wa mbele, alimshika kwa mikono kifuani na kumzuia asitoke mahali pake. Njia ikabaki wazi kwa yule beki wa msimu wa kwanza. Naye hakumfuata mpokeaji. Aliukimbilia moja kwa moja mahali mpira ulipokuwa ukienda, akafika kwa bega kabla ya mpokeaji, na kuudaka kwenye mstari wa goli. Saa ilibaki na sekunde 20.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ni ule wa Weupe kutosimamisha saa. Kwa mtazamo wa kawaida ulikuwa wa hatari kubwa, maana kama Buluu wangefunga katika jaribio lililofuata, Weupe wangebaki na sekunde zisizofika 30 za kujibu, ilhali wangeweza kuwa na karibu dakika nzima. Kocha wao alieleza baadaye kwamba benchi la wapinzani halikuonekana kuwa katika hali ya kawaida, naye hakutaka kuwapa nafasi ya kupanga upya. Ninaona kuna sababu nyingine iliyo ndani ya hesabu yenyewe, iwe aliifikiria wakati huo au la. Kila sekunde iliyopita iliwapunguzia Buluu uhuru wa kuchagua.

Hesabu hiyo ndiyo inayofafanua uamuzi wa pili, ule wa pasi. Buluu walikuwa na majaribio matatu, sekunde 26 na nafasi moja ya kusimamisha saa. Wakikimbia na kushindwa katika jaribio la pili, wangelazimika kuitumia nafasi hiyo wakiwa na takriban sekunde 20. Jaribio la tatu lingekuwa karibu lazima liwe pasi, kwa sababu mbio nyingine iliyoshindwa ingewaacha wakihangaika kujipanga juu ya lundo la miili huku saa ikiyoyoma. Lakini wakirusha pasi katika jaribio la pili na ikaanguka chini, saa ingesimama yenyewe, nafasi yao ingebaki mkononi, na majaribio mawili ya mwisho yangeweza kuwa mbio au pasi kwa kadiri wapendavyo. Kwa maneno mengine, ili wayatumie majaribio yote matatu bila kulazimishwa na saa, pasi moja ilipaswa kuja mapema.

Kuna na sababu ya idadi ya watu. Weupe waliweka mabeki watatu kwa wapokeaji watatu, wakabakiwa na wachezaji wanane karibu na mstari. Buluu walikuwa na wazuiaji watano na mlinda pembe mmoja, yaani watu sita wa kufungua njia dhidi ya wanane. Kocha mkuu wa Buluu alisema hadharani baada ya mechi kwamba hawakutaka kupoteza jaribio kwa kukimbia ndani ya kikosi kizito cha mstari wa goli wakati wao walikuwa na kundi la wapokeaji uwanjani.

Uamuzi wa tatu ni wa aina ya pasi. Shambulio la wapokeaji wawili waliopangana, wa mbele akiwa kizuizi na wa nyuma akikata ndani, linapendwa karibu na goli kwa sababu ya kanuni. Kumzuia beki kabla pasi haijadakwa ni kosa, isipokuwa kizuizi hicho kikitokea ndani ya yadi moja kutoka mstari wa kuanzia. Ukiwa yadi moja kutoka goli, yadi hiyo ya ruhusa inatosha kabisa kumfungulia mtu njia ya kufunga.

Uamuzi wa nne haukufanywa na kocha. Mabeki wawili wa Weupe, mara walipoiona ile jozi ya wapokeaji, waligawana kazi: mkubwa abaki mbele na kumzuia mpokeaji wa kwanza kwa mikono, na mdogo asimame nyuma na kumshughulikia wa pili. Beki huyo mkubwa, mwenye urefu wa takriban futi 6 na inchi 4, alikuwa ameichezea Buluu kuanzia 2011 hadi 2013, na alikuwa ameliona shambulio hilo kwa macho yake kwenye mazoezi yao.

Matokeo

Weupe walipata mpira ukiwa chini ya yadi moja kutoka goli lao wenyewe, na ni vizuri mchambuzi asikimbilie kufunga daftari hapo. Kwotabeki akipiga goti, yaani akimaliza shambulio kwa hiari, ndani ya eneo lake la goli, au mwenye mpira akiangushwa humo, wapinzani hupata pointi 2 na kisha mpira. Hivyo bado kulikuwa na kazi. Kabla Weupe hawajaanzisha shambulio lao, mlinzi mmoja wa Buluu alivuka mstari mapema kwa hamu ya kuwahi, na adhabu ya yadi 5 ikawapa Weupe nafasi ya kutosha kupiga goti salama. Mechi ikaisha 28 kwa 24.

Uchambuzi: kuhukumu uamuzi kwa matokeo yake

Kosa linalofanywa mara nyingi na wanaofundisha kwa kisa hiki ni kusema kuwa kurusha pasi kulikuwa kosa kwa sababu pasi ilinaswa. Ushahidi uliokuwepo kabla ya shambulio hauungi mkono kauli hiyo. Katika msimu huo wote wa ligi zilikuwa zimerushwa zaidi ya pasi 100 kutoka yadi moja, na hakuna hata moja iliyokuwa imenaswa kabla ya hiyo. Mkimbiaji wa Buluu, pamoja na ubora wake wote na yadi zake 102 katika mechi hiyo, alikuwa amepewa mpira mara 5 kutoka yadi moja msimu huo na kufunga mara 1 tu. Mara 5 ni chache mno kujengea hoja nzito, na anayezitumia kuthibitisha kwamba mkimbiaji angeshindwa anakosea pia. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba ile dhana ya tachidauni ya uhakika haikuwa na msingi.

Ninachokiona kuwa dhaifu ni chaguo la pasi yenyewe. Pasi ya kukata ndani hupita katikati ya msongamano, mahali ambapo mpira ukiguswa tu unaweza kuangukia mikono ya yeyote. Pasi ya kuelekea kona ya nje ingedakwa na mtu wao au kuanguka nje ya uwanja. Na Buluu walikuwa na kwotabeki mwepesi wa miguu, ambaye angeweza kukimbilia pembeni akiwa na njia tatu mbele yake: kutupa, kukimbia mwenyewe, au kuutupa mpira nje na kusimamisha saa. Chaguo hilo lingelinda hesabu ile ile ya saa niliyoieleza juu, bila kuupitisha mpira kati ya watu. Aliyekusudiwa kupokea naye hakuwa miongoni mwa wapokeaji wakuu wa timu, na mafanikio ya shambulio zima yalitegemea mpokeaji wa mbele amshinde kwa nguvu beki aliyekuwa mzito kumliko. Kundi la wachezaji lilichaguliwa vizuri na jaribio lilichaguliwa kwa hoja. Silaha ndiyo iliyokosewa.

Uchambuzi: mpangilio uliotangaza shambulio

Rudi kwenye picha iliyosimamishwa saa ikionyesha sekunde 26, ukiitazama kutoka nyuma ya eneo la goli. Wapokeaji wawili wamesimama mmoja mgongoni mwa mwenzake, yadi moja kutoka goli. Ni mambo mangapi wanaweza kuyafanya wakiwa wamejipanga hivyo, mahali hapo? Katikati ya uwanja jibu ni mengi sana. Karibu na goli nafasi ya nyuma imebanwa na kina cha yadi 10 tu, saa imebana, na mpangilio wenyewe hauna kazi nyingine iliyo bora kuliko kumwekea beki kizuizi. Kadiri uwanja unavyopungua ndivyo mpangilio unavyotoa habari nyingi zaidi, na wachambuzi wa Weupe walikuwa wameiona jozi hiyo katika picha za mechi za Buluu zilizotangulia.

Wakaipeleka mazoezini. Katika wiki ya maandalizi, kikosi cha kuigiza wapinzani kilicheza shambulio hilo hilo, na beki wa msimu wa kwanza akashindwa: alimzunguka mwenzake aliyekuwa mbele, akachelewa, na pasi ikadakwa kwa tachidauni. Akaambiwa na kocha kwamba hapo inampasa awahi. Mimi naliona hili kuwa funzo kubwa kuliko yote ya kisa. Picha ilimwonyesha shambulio lipo. Kushindwa mazoezini kulimwonyesha njia gani haifiki. Mchezaji aliyeliona shambulio kwenye skrini tu angeweza kulitambua na bado akapita njia ile ile ya kuzunguka, kwa kuwa ndiyo ya kawaida kwa miguu yake. Huyu alishajua gharama yake.

Linganisha hatua zake za kwanza na za beki yeyote anayecheza kwa kumfuata mtu. Beki wa namna hiyo hungoja mpokeaji avunje njia, kisha huitikia, na katika umbali mfupi kiasi hicho mwitikio wowote umechelewa. Huyu alipoona mpokeaji wa nyuma anapanda mguu wa kukata ndani, tayari uzito wake ulikuwa unakwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Alikuwa anajibu picha ya jozi, si mwendo wa mtu. Ningependa mwalimu yeyote wa mabeki airudishe sehemu hiyo na kuwaambia wanafunzi watazame nyonga za beki, wasitazame mikono, kwa sababu mikono inaonyesha udakaji lakini nyonga zinaonyesha lini aliamua.

Uchambuzi: kazi isiyoonekana

Katika picha ya televisheni macho yote hufuata mpira, na beki mkubwa aliye mbele hupotea. Yeye ndiye aliyeliua shambulio. Kama mpokeaji wa mbele angepata hata nusu hatua kuingia ndani, beki mdogo angekutana na mwili badala ya njia, na utambuzi wake wote usingemfaa kitu. Katika daftari la alama za makocha, wawili hawa wanastahili alama sawa. Nasisitiza hilo kwa sababu wachambuzi wanaoanza hutoa alama kwa aliyegusa mpira na kumwacha aliyewezesha, na wakifanya hivyo msimu mzima huishia kuwa na orodha ya wachezaji bora isiyoeleza kwa nini timu inashinda.

Yaliyoshindikana kwa upande wa washindi

Weupe hawakucheza vizuri katika mfululizo huo wa mwisho. Mlinzi wa kati aliachwa peke yake na mkimbiaji upande ulio wazi katika shambulio la kwanza na akapitwa kwa yadi 31. Huo ulikuwa udhaifu wa mpango, kwa kuwa ulimpa mchezaji mzito kazi ya kukimbizana na mtu aliyeanza na mwendo. Uamuzi wa kutosimamisha saa nao haupaswi kufundishwa kama kanuni. Ulikuwa na mantiki kwa sababu wapinzani walikuwa na nafasi moja tu iliyobaki na kundi lao lilikuwa katikati ya mabadiliko. Wangekuwa na nafasi mbili au tatu, saa isingewabana kwa namna ile na Weupe wangekuwa wamejinyima sekunde 30 bure.

Kwa wanaofundisha vijana

Baadhi ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani, za kutoka Kongo na Afrika Mashariki, sasa zina watoto wanaocheza mchezo huu katika shule za sekondari, na shule nyingi huweka picha za mechi kwenye majukwaa kama Hudl, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 mjini Lincoln, Nebraska. Mzazi au kocha msaidizi anayeketi na kijana mbele ya skrini anaweza kuifanya kazi iliyoelezwa hapa bila vifaa vingine: kusimamisha picha kabla ya mpira kuanzishwa, kumwuliza kijana mpangilio huo unaruhusu mashambulio mangapi mahali hapo na kwa saa hiyo, kumwacha ataje, kisha kuendelea. Akitaja matano, ni ishara kwamba hajazingatia yadi na saa. Akitaja mawili na kueleza kwa nini matatu mengine hayawezekani, anasoma.

Ila picha za makocha hazina sauti. Mgawano wa kazi kati ya mabeki wawili, ule uliofanywa kwa maneno machache kabla ya sekunde ya 26, hauonekani popote katika picha hizo isipokuwa kama kichwa kilichogeuka. Tunaujua kwa sababu wahusika waliusimulia baadaye. Kwa hiyo katika ripoti ya mchambuzi ninapendekeza safu ya pekee ya maswali ya kuwauliza wachezaji wenyewe siku inayofuata, yakiandikwa palepale picha inaposimamishwa: nani alisema nini, nani alisikia, na nani alidhani mwenzake ameshalichukua jukumu.